Karma ni tendo, malipo ni kitu kingine

Wiki iliyopita mwenzetu mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa alivunjika mguu. Huyu aliwahi kuondoka na michango ya watu, na deni hajalimaliza mpaka leo. Habari ilipoingia kwenye simu zetu, dada mmoja akaandika: "Karma imemfikia." Kaka mwingine akamrekebisha: "Sema karama, hilo ni neno letu." Nimelisikia neno hili likivutwa huku na huku kwa miaka nikanyamaza. Safari hii nimeshindwa.

Karma ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na maana yake ya msingi ni tendo. Jambo lililofanywa, jema au baya. Linatokana na mzizi *kri*, yaani kutenda, pamoja na kiishio *-man* kinachounda nomino.

Msemaji wa Kiswahili hapati taabu na mambo haya, maana sisi nasi tuna *-tend-*, tukapata tendo, kitendo, mtenda, mtendaji, utendaji, hata utendi wa washairi wetu. Tofauti ni kwamba mzizi wetu hutulia, tukabadilisha mwanzo na mwisho. Wa kwao hubadilika tumboni. Katika *kri*, sauti ya r yenyewe ndiyo irabu. Mzizi ukipata nguvu huwa *kar*, ukizidi huwa *kaar*. Ndiyo maana lililokwisha kutendwa ni *krita*, mtenda ni *karta*, linalopaswa kutendwa, yaani wajibu, ni *kartavya*, na sababu ya jambo ni *kaarana*. Wote hao ni watoto wa mama mmoja.

Ukiweka viambishi mbele, ukoo unapanuka. *Upakaara* ni msaada, *apakaara* ni madhara. *Vikaara* ni badiliko, mara nyingi la kuharibika. *Samskrita* ni kilichotengenezwa kikakamilika, na hilo ndilo jina la lugha yenyewe: Kisanskriti. Lugha za watu wa kawaida zilizokuwa kando yake ziliitwa *prakrita*, za asili, zisizonakshiwa. Kwa hiyo hata ukitaja tu jina la lugha hiyo, mzizi huo umo kinywani mwako.

Na umo madukani kwetu pia. Dhahabu kwa Kisanskriti ni *suvarna*, na mtengenezaji wake ni *suvarnakaara*. Neno lilikuwa refu, likapita midomoni mwa watu karne nyingi, k ya katikati ikayeyuka, na katika lugha za India za baadaye likabaki *sonar* au *sunar*. Lilipofika pwani yetu tuliliongezea irabu mwishoni: sonara. Ile *-ar-* unayoitamka ukimpelekea sonara mkufu uliokatika ni mabaki ya *kaara*, mtenda. Jirani yake ni karakana, tuliyoipata kwa Kiajemi: *kar* ni kazi, *khana* ni nyumba. *Kar* hiyo haikutoka Kisanskriti. Ni ndugu yake, wote wawili wakishuka kutoka lugha moja ya zamani zaidi.

Karama haimo katika ukoo huu. Hiyo ni ya Kiarabu, kutoka mzizi wa k-r-m, pamoja na karimu, ukarimu na karamu. Kufanana kwa sauti hakukufanyi kuwa ndugu.

Sasa lile linaloniuma zaidi, la kuiita karma malipo. Mwanasarufi wa Kisanskriti, Panini, aliyeishi karne kadhaa kabla ya Kristo, aliipa karma kazi ya kisarufi tu: ni kile ambacho mtenda anataka zaidi kukifikia kwa tendo lake. Ndiyo yambwa yetu. Katika "Mama anapika wali", wali ndio karma. Hapo hakuna aliyeadhibiwa.

Wanadini nao walitenganisha. Kinachotokana na tendo wakakiita *phala*, tunda. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2, ubeti wa 47, inamwambia shujaa Arjuna kwamba haki yake imo katika tendo, kamwe haimo katika matunda. Ubeti huo hauna maana yoyote kama karma na matunda yake ni kitu kimoja. Buddha akaivuta ndani zaidi: kwake karma ni ile nia, kabla hata mkono haujanyanyuka. Najua hata India wapo wanaosema karma wakimaanisha majaliwa, na siwezi kumzuia mtu. Lakini ukilifanya neno liwe jina la adhabu, umelinyang'anya mtenda wake. Linakuwa kitu kinachomwangukia mtu kutoka juu, na hali mzizi wake unasema kitu alichokifanya yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, dada yangu, karma ya mwenzetu ni ile siku alipoondoka na michango. Mguu, hata kama unaamini umetokana na hiyo, ungekuwa tunda lake. Na kama ulitaka kusema hilo tu, Kiswahili kilikuwa nalo tayari: "Yamemrudi."