Stelingi hafi, adui hubadilishwa: dhana potofu kuhusu filamu na mataifa makubwa

Kwenye kibanda cha video, Kampala au Arua, adui hahitaji kutambulishwa. Akitokea na koti refu la kijeshi na kofia ya manyoya, ukumbi mzima unajua huyo ni Mrusi, na unajua stelingi hafi. Waganda wana sababu ya kutoamini upesi. Daktari Mskoti anayemfuata Idi Amin katika The Last King of Scotland (2006) ametungwa tu. Kama sisi tumetungiwa, Mrusi, Mchina na Mmarekani je?

Dhana: Adui wa kwenye filamu ndiye adui halisi wa wakati huo.

Soko lina sauti kubwa kuliko siasa hapo. Red Dawn ya 1984 ilionyesha Wasovieti na Wakuba wakivamia Colorado. Iliporudiwa mwaka 2009, wavamizi walikuwa Wachina. Gazeti la Beijing likalalamika, na kampuni ya filamu ya MGM ikapiga hesabu ya tiketi ambazo ingezikosa Uchina. Filamu ilikuwa imeshapigwa, basi bendera na alama za jeshi zikafutwa kwa kompyuta, zikabandikwa za Korea Kaskazini, na baadhi ya maneno yakabadilishwa. Waigizaji ni walewale. Ikatoka Novemba 2012, mwaka uleule Uchina ilipoongeza nafasi za filamu za kigeni zinazogawana mapato, kutoka 20 hadi 34. Korea Kaskazini si mteja wa Hollywood, ikabebeshwa mzigo.

Top Gun ya 1986 nayo ina "MiG-28", ndege ambayo haijawahi kuundwa: ni F-5 za Marekani zilizopakwa rangi nyeusi. Anayezijua MiG, ndege za Kisovieti, angeshtuka kwa namba tu, maana za kivita hupewa namba witiri. MiG-17 na MiG-21 ndizo Waisraeli walizoziteketeza Entebbe, Julai 1976.

Tena kuna kibali. Mtayarishaji anayetaka manowari au ndege za jeshi la Marekani hupeleka mswada Wizara ya Ulinzi ukasomwe. Wakikataa ukurasa, ama auandike upya, ama akatafute vifaa kwingine kwa gharama yake.

Dhana: Filamu huwapumbaza watu wa mtaani, wakubwa wana ripoti za siri.

Juni 1983, Rais Ronald Reagan wa Marekani alitazama WarGames akiwa Camp David: kijana anaingia kwa simu kwenye kompyuta inayosimamia makombora. Siku chache baadaye akamuuliza Jenerali John Vessey, mkuu wa majeshi yake, kama jambo hilo linawezekana. Baada ya wiki jibu likaja kwamba hali ni mbaya kuliko alivyodhani. Septemba 1984 akatia saini agizo NSDD-145, la kulinda kompyuta za serikali. Oktoba 1983 alikuwa pia ameitazama The Day After, filamu ya televisheni ya shambulio la nyuklia, kabla ya umma, na kwenye shajara yake akaandika kwamba ilimtia huzuni kubwa. Ilipoonyeshwa Novemba 20, ilitazamwa na watu karibu milioni 100. Ila tusizidishe: mkataba wa makombora wa 1987 ulimhitaji Gorbachev, kiongozi wa Wasovieti, si televisheni tu.

Dhana: Propaganda ni ya Wamarekani.

Tazama Wolf Warrior 2 (2017), iliyoingiza zaidi ya yuani bilioni 5. Mwanajeshi wa zamani wa Uchina anawaokoa watu katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, na jambazi mkuu ni mamluki mzungu anayechezwa na Mmarekani. Mwishoni linatokea jalada la pasipoti lenye ahadi kwamba taifa lenye nguvu liko nyuma yako. Pasipoti halisi ya Uchina haina maneno hayo.

Dhana: Anayependa muziki wa adui ameshageuka.

Leningrad, mji wa Wasovieti, baada ya Vita Kuu ya Pili, jazi iliyopigwa marufuku ilichongwa kwenye picha za eksirei zilizotupwa na hospitali. Duara lilikatwa kwa mkasi, tundu la kati likatobolewa kwa sigara inayowaka. Sahani hizo za muziki ziliitwa mifupa. Zilirekodiwa upande mmoja tu na zilichakaa upesi, lakini zilinunuliwa. Mwaka 1959, watu wapatao milioni 2.7 walikwenda kuona maonyesho ya Marekani katika bustani ya Sokolniki, Moscow. Kwenye vitabu vya maoni wengine walisifu, wengine waliponda. Kupenda saksafoni ni jambo moja, kuitaka serikali ya mwenye saksafoni ni jingine.

Dhana: VJ anatafsiri tu.

VJ, msimuliaji wa filamu kwenye kibanda cha video, hupunguza sauti ya filamu na kusema juu yake kwa Kiluganda. Hotuba ya adui kuhusu vita vya nchi yake yaweza kugeuka mzaha wa bodaboda, na jambazi akapewa jina la mtaani. Hoja ya adui hupotea hapo, hata pale ambapo mwandishi wa filamu alimpa hoja nzuri.

Ukitaka kupima mwenyewe, anza na herufi. Bango linalotumia Я mahali pa R limechorwa na asiyejali Kirusi, kwa sababu herufi hiyo husomwa "ya". Kisha subiri majina ya mwisho yapande, utafute shukrani kwa wizara ya ulinzi. Kwa kawaida zinafika wakati watu wameshatoka nje kutafuta rolex, chapati iliyokunjwa na mayai.