"Kali" kwa Kiingereza: maneno ya joto linalounguza na ukali unaochoma

Kwa Kiswahili jua ni kali, baridi ni kali, mwalimu ni mkali na karipio ni kali. Kiingereza hakina neno moja la kubeba mzigo wote huo. Anayetegemea "hot" na "harsh" peke yake ataeleweka nusu, na kuna siku atamshutumu mtu wakati alitaka kumsifu. Njia ya uhakika ya kuyatofautisha maneno haya ni kuuliza: joto hili linafanya nini, na linamfanyia nani? Kila neno limeshika dhara lake, na linapohamia kwenye kauli za watu huhama na dhara hilohilo.

"Scorching" ni joto kavu linalobabua juujuu. Pasi ikikaa mno juu ya shati huacha alama ya kahawia. Kitambaa hakijatoboka, lakini uso wake umeungua. Alama hiyo ndiyo "scorch". Kwa hiyo jua la utosini ni "scorching sun", na mchanga usiokanyagika kwa miguu mitupu ni "scorching sand". "Sweltering" ni habari nyingine kabisa. Hapo pana fukuto, hewa imesimama, nguo zimegandamana na mgongo. Neno hili humtazama anayeteseka, ndiyo maana huambatana na siku, chumba au gari, kama "a sweltering afternoon", na mtu mwenyewe anaweza kusema "I'm sweltering" akimaanisha amezidiwa na joto. Chuma hakitokwi na jasho, basi "sweltering iron" haisemwi.

Kitu cha majimaji kikiwa cha moto kiasi cha kuunguza, neno ni "scalding". Maji, chai, mafuta na mvuke huingia humu. Vitabu vya huduma ya kwanza hutenganisha "burns", yaani majeraha ya moto au kitu kikavu, na "scalds", majeraha ya kimiminika au mvuke, ingawa sisi kote tunasema kuungua. Chai ukiambiwa ni "scalding", hilo ni onyo: subiri. Ikiitwa "piping hot", hiyo ni sifa: imeletwa ingali inatoa moshi, karibu unywe. "Piping hot" ni ya chakula na vinywaji; kwa hali ya hewa haifai.

"Searing" ni mguso wa kitu chenye moto mkali mno, kwa muda mfupi. Mpishi anapobandika nyama kwenye kikaango kilichopamba moto ili uso wake ugeuke rangi upesi, kitendo hicho ni "to sear". Maumivu yanayopasua ghafla ni "searing pain". Hutumika pia kwa hewa, "searing heat", na kwa maandishi yanayoacha alama moyoni. "Blistering" hutoka kwenye lengelenge: joto la kuchubua ngozi, au shambulio la maneno la namna hiyo. Lakini angalia, neno hili linaweza pia kusifu. Mkimbiaji aliyeanza kwa "a blistering pace" ameanza kwa kasi ya ajabu. "Torrid" ni joto kavu la kukausha ardhi. Jiografia ya zamani iliita "torrid zone" ukanda ulio kati ya tropiki mbili, takriban nyuzi 23.5 kaskazini na kusini mwa ikweta. Siku hizi utalikuta zaidi katika "a torrid affair", mapenzi motomoto, na kwa Waingereza "a torrid time", kipindi kigumu cha kuandamwa.

Neno linalowakosesha wengi ni "scathing". Linafanana sana na "scorching", na asili yake ni kudhuru, lakini leo halihusiani na jua hata kidogo. Kazi yake ni moja: lawama nzito isiyombakishia mtu kitu. Ripoti inaweza kuwa "scathing", hotuba inaweza kuwa "scathing", na mtu husemwa "she was scathing about the plan", yaani aliuponda mpango ule vibaya. Maana ya kale imebaki katika "unscathed", mtu aliyetoka salama bila hata mchubuko. "Scathing" haisifu kamwe.

Jirani zake wana kazi zao. "Caustic" ni la vitu vinavyokula ngozi, kama kostiki soda, na kwa watu huelezea ulimi wenye sumu ya kejeli. Ni zaidi tabia ya msemaji, "a caustic wit". "Withering" hutoka kwenye kunyauka: "a withering look" ni jicho linalomfanya aliyetazamwa asinyae pale alipo, bila neno kutamkwa.

Sasa "harsh" na "severe", ambako makosa huwa na gharama. "Severe" hupima kiwango: ukame, maumivu, baridi. Daktari husema "severe pain". "Harsh pain" haina mshiko. "Harsh" hupima jinsi jambo linavyomkwaruza anayelipokea, na mara nyingi huficha hukumu kwamba limepita kiasi. "A severe sentence" ni adhabu nzito tu. "A harsh sentence" hudokeza kuwa msemaji anaona mshtakiwa ameonewa. Mwanga unaoumiza macho, sabuni inayochubua mikono na sauti ya kukwaruza vyote ni "harsh", na majira ya baridi vilevile, kwa kuwa neno hili halijali kama kuna joto au barafu.

Ndiyo maana mwalimu mkali kwa maana nzuri, anayesimamia kanuni, ni "strict". Ukimwandikia barua ya kumpendekeza kazini ukamwita "harsh", umemshtaki. Dawa kali ni "strong", kisu kikali ni "sharp", mbwa mkali ni "fierce" na onyo kali ni "stern".

Katika sarufi, maneno ya joto kali tayari yamefika kileleni, hivyo "very scorching" husikika vibaya. Sema "absolutely scorching", au litangulize mbele ya "hot": "scorching hot", "scalding hot", "boiling hot". "Sweltering hot" nayo husikika mitaani, ila kwenye maandishi "sweltering" inatosha yenyewe. Katika matamshi, "th" ya "scathing" na "withering" ni "dh" ya dhahabu. Ukiitamka kama "th" ya thelathini, msikilizaji atasita. "Sear" hutamkwa kama "sia", na "scald" huanza kama "skol", na "d" yake ya mwisho isikike.