Siku 3 za baba: uzichukue lini, uzitumieje

Mama amejifungua kwa upasuaji Jumatatu alfajiri. Baba anapiga simu kazini, likizo yake inaanza siku hiyohiyo, na siku zote tatu zinaishia kwenye benchi nje ya wodi akisubiri muda wa kuona wagonjwa. Alhamisi mama anaruhusiwa kurudi nyumbani na kidonda kibichi, mtoto mkononi. Baba yuko kazini. Kwenye dawati letu la haki za wafanyakazi habari hii imejirudia mno, na inatuuma kwa sababu mara nyingi ingeepukika.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba siku zisizopungua 3 za likizo yenye malipo, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Si lazima zianze siku ya kujifungua. Mwajiri anaweza kutaka uthibitisho, kwa hiyo weka nakala ya tangazo la kizazi, ile karatasi ya kuthibitisha mtoto amezaliwa. Sheria imetaja ubaba, haikutaja ndoa. Cheti cha ndoa si sharti.

Ushauri wetu ni huu: mimba ikifika miezi saba, zungumza na msimamizi wako na umwandikie barua yenye tarehe ya matarajio. Omba mkubaliane kwamba siku ya kujifungua utachukua ruhusa, au siku moja kutoka zile 28 za likizo ya mwaka, ili siku 3 za ubaba zibaki za nyumbani. Mwajiri ndiye anayepanga tarehe za likizo ya mwaka, ndiyo maana mazungumzo haya hayafai kusubiri uchungu uanze.

Kuna jambo linalowashtua wengi. Siku hizo 3 ni za mzunguko mzima wa likizo, yaani miezi 36 ya utumishi, hata wakizaliwa watoto wawili ndani yake. Mtoto wa pili akiwahi, baba anabaki na hisani ya mwajiri. Kwa maoni yangu kifungu hiki kinahitaji kuangaliwa upya. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, baba anapata wiki 2 kwa mshahara kamili.

Zamani bibi alikuja kutoka kijijini, akamkanda mzazi, akapika uji na mtori mpaka arobaini ipite. Leo mume na mke wengi wako kwenye chumba cha kupanga, bibi yuko mbali, na mtu mzima pekee aliye karibu ni baba. Basi usichukue likizo ya kupokea wageni. Pika, fua, beba mtoto usiku mama alale. Na uzijue dalili za hatari: mama kutoka damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana au kuona ukungu, mtoto kukataa kunyonya, kuchemka mwili, kupumua kwa shida. Ukiona mojawapo, rudini kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Kwa waajiri: neno "zisizopungua" linawaachia nafasi ya kuongeza, na chama cha wafanyakazi kinaweza kulijadili suala hili kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri. Lakini mengine hayahitaji mkataba. Mwezi wa kwanza msimpange baba zamu ya usiku kama kuna mwingine wa kuishika. Mruhusuni asindikize kliniki. Na msimamizi anayemwambia kijana "kwani umejifungua wewe?" mbele ya wenzake anamfanya anayefuata afiche hata kwamba mkewe ni mjamzito.

Ukinyimwa siku zako, anza kwa barua kwa mwajiri na ubaki na nakala iliyopokelewa. Isiposaidia, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro wa aina hii hufikishwa huko ndani ya siku 60.