Kwa nini pangaboi huzunguka kinyumenyume kwenye muvi?

Jirani yangu hapa Sinza, Dar es Salaam, anahariri muvi za Kibongo na video za harusi. Ofisi yake ni chumba kimoja, kompyuta moja, na mlango unaokaa wazi kwa sababu ya joto. Juzi aliniita nitazame sini aliyoletewa: baba amekaa sebuleni anamfokea kijana wake aliyerudi alfajiri, na juu yao pangaboi linazunguka. Waigizaji walikuwa wamekaza kweli. Shida ilikuwa hilo pangaboi. Lilikuwa linarudi nyuma.

"Fundi alikosea waya?" nikauliza. Akacheka. Pangaboi lenyewe lilikuwa zima kabisa, na siku ya kurekodi kila mtu aliliona likienda mbele. Kilichokuwa kinarudi nyuma ni hesabu.

Kamera hairekodi mwendo. Inapiga picha za mnato moja baada ya nyingine, halafu jicho letu linaziunga. Filamu za sinema hutumia picha 24 kwa sekunde tangu sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, na televisheni za huku kwetu ni 25. Jirani yangu hufanya kazi kwa 25, kwa hiyo tutumie hiyo.

Chukua kalamu. Tuseme pangaboi la mapanga matatu linazunguka mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kwa sekunde. Gawanya kwa picha 25: kati ya picha moja na inayofuata, pangaboi limekwenda moja ya tano ya mzunguko, sawa na nyuzi 72. Mapanga yenyewe yameachana nyuzi 120. Kwa hiyo kila panga linapopigwa picha tena, limebakiza nyuzi 48 tu kufika pale mwenzake wa mbele alipokuwa amesimama. Na mapanga hayo yanafanana kama mapacha. Jicho halina njia ya kujua lipi ni lipi. Linachoona ni panga lililokuwa pale, sasa liko nyuzi 48 nyuma. Kweli ni nyuzi 72 mbele, lakini jicho lina tabia za dereva wa bodaboda, likiona njia fupi linaifuata.

Likizunguka mara 500 kwa dakika lingesogea nyuzi 120 kamili kila picha, na kwenye muvi lingeonekana limeganda huku karatasi zinapeperuka mezani. Ili lionekane linakwenda mbele kwa spidi yake halisi, ni lazima lisogee chini ya nyuzi 60 kila picha, nusu ya ile 120. Hiyo ni chini ya mizunguko 250 kwa dakika. Yaani dawa ilikuwa ukutani siku ile ile: kupunguza spidi kwenye swichi. Magurudumu ya magari kwenye matangazo hurudi nyuma kwa sababu hiyo hiyo.

Akiwa amenoga, akanifungulia jambo la pili, video ya harusi. Maharusi wanaingia ukumbini, na ukutani nyuma yao mistari mipana ya giza inapanda polepole kama kivuli cha ngazi. Aliyerekodi alitumia kamera iliyotoka Marekani na hakugusa mipangilio yake. Hapa tena ni kugawanya.

Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Kila wimbi lina vilele viwili, kwa hiyo taa nyingi, hasa zile za bei rahisi, hummweka mara 100 kwa sekunde. Hatuoni kwa macho, lakini kamera inaona. Ukiweka shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, kwenye 1/50 ya sekunde, kila picha inapata mimweko 2 kamili. Kamera ile ilikuwa kwenye 1/60. Mia moja gawanya kwa sitini ni moja na theluthi mbili, na hizo theluthi ndizo zinazoleta balaa. Kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, hivyo mstari mmoja unabahatika kupata vilele viwili vya mwanga na wa chini yake unaambulia kimoja na kipande. Matokeo ni mwanga, giza, mwanga, giza. Kule Marekani umeme ni hezi 60, taa hummweka mara 120, na 1/60 inagawanyika vizuri tu. Kamera haikuwa mbovu, ila haikujua kwamba imehama.

Hesabu ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni ya kitambaa cha kijani. Mwigizaji anasimama mbele ya kitambaa kilichonunuliwa Kariakoo, kisha kwenye muvi anaonekana yuko kileleni mwa mlima. Kompyuta inajuaje nini ni kitambaa na nini ni mtu? Haijui. Inapima umbali.

Kila nukta ya picha ina namba tatu: wekundu, ukijani na ubluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Tuseme kitambaa ni (0, 200, 0) na ngozi ya mwigizaji ni (150, 100, 70). Tofauti zake ni 150, 100 na 70. Sasa kumbuka ile kanuni ya Pythagoras uliyokaririshwa kidato cha pili ukadhani umeachana nayo: zipeleke kwenye kipeo cha pili, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Unapata kama 193. Mhariri anaiambia programu: chochote kilicho chini ya 80 kutoka kwenye kitambaa, kifute. Ngozi iko 193, inabaki.

Basi akatokea dada mmoja kavaa khanga ya rangi ya jani la mgomba, tuseme (40, 160, 30). Tofauti zake ni 40, 40 na 30, na umbali ni 64. Programu ikaifuta khanga. Kileleni mwa mlima kikaelea kichwa, shingo na mikono miwili, kinaongea kwa uchungu kuhusu mapenzi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Programu za kisasa zina ujanja zaidi ya huu, lakini mzizi wake ni huo huo, na onyo la kutovaa kijani bado linatolewa kwenye seti.

Kwenye katuni za kompyuta hakuna kamera wala taa, kila kitu ni namba tupu. Ukitaka kuelewa jinsi shavu la mhusika linavyokuwa laini wakati kompyuta inajua kuchora mistari iliyonyooka tu, nenda Keko kwa mafundi seremala. Fundi anayetaka uso wa meza wa duara kutoka kwenye ubao wa mraba huanza kwa kukata kona nne. Anabaki na kona nane, butu kidogo. Anakata hizo nane, zinakuwa kumi na sita. Kila duru kona zinaongezeka maradufu na kila moja inazidi kuwa butu. Baada ya duru tano ni 128, na mkono wako ukipita hauzisikii tena.

Wataalamu wa kompyuta Edwin Catmull na Jim Clark walichapisha mwaka 1978 kanuni ya kufanya jambo la namna hiyo kwa maumbo yenye vipimo vitatu, yaani urefu, upana na kina. Mwaka 1997 kampuni ya katuni ya Pixar, ambayo Catmull ni mmoja wa waanzilishi wake, ikatumia kanuni za aina hiyo kwenye filamu fupi ya Geri's Game, ya mzee anayecheza chesi peke yake. Filamu ikachukua Oscar. Faida yake kwa mchoraji ni kwamba anasogeza kona chache tu ili mzee atabasamu, na kompyuta inapiga randa maelfu yaliyobaki.

Kuna hesabu moja zaidi, nayo inahusu bando lako. Picha moja ya muvi ya kawaida ina nukta 1920 kwa 1080, kila nukta namba tatu za baiti moja moja, mara 25 kwa sekunde. Hiyo ni takriban megabaiti 155 kila sekunde. Flashi ya GB 32 isingebeba hata dakika nne. Inabeba muvi nyingi kwa sababu picha hukatwa vipande vidogo vya mraba, kwa mfano nukta 8 kwa 8, na kila kipande huandikwa kama mchanganyiko wa mawimbi. Mawimbi madogo ambayo jicho halitagundua yakikosekana yanatupwa. Kanuni hiyo ya mawimbi ilichapishwa mwaka 1974 na mhandisi Nasir Ahmed na wenzake. Wakibana kupita kiasi, sini ya usiku inajaa viraba kama sakafu ya vigae. Hivyo ndivyo vipande vyenyewe.

Na yule baba wa sebuleni? Kurekodi upya haikuwezekana, nyumba ilikuwa ya kukodi. Jirani yangu akaikuza picha mara 1.2. Kati ya mistari 1080 ikabaki 900, na zile 180 zilizokatwa zote akazitoa juu, pamoja na pangaboi. Sasa baba anafoka kwenye nyumba isiyo na feni, ila ukitazama vizuri, pazia nyuma yake linapepea.