Kwa Nini Jibu Sahihi la Ufahamu Halipati Alama Zote: Maelezo kwa Wanafunzi, Wazazi na Walimu

Kila karatasi za mitihani zinaporudishwa, lalamiko moja kuhusu somo la lugha hujirudia kuliko mengine: mwanafunzi amejibu sawasawa, lakini kwenye swali la alama 3 amepata 1. Mzazi hulisoma jibu, huliona halina kosa, kisha huhitimisha kwamba mtoto ameonewa. Mara nyingi hajaonewa. Alama aliyopata ni ya jibu. Zile 2 alizokosa zilikuwa za kazi ambayo hakuifanya: kuonyesha jibu limetoka wapi kwenye kifungu, na kueleza limetokaje.

Utaratibu huu haukuwekwa kumkomoa mtu, wala si wa karatasi moja tu. PIRLS, upimaji wa kimataifa wa usomaji unaofanyika tangu mwaka 2001 kwa wanafunzi wa mwaka wa 4 wa shule, una maswali ya kuandika majibu yenye alama 1, 2 au 3, na kinachopimwa ni ufahamu, si ufundi wa kuandika. Nchini Marekani, viwango vya Common Core vya mwaka 2010 vinaanza sehemu ya usomaji kwa kumtaka mwanafunzi ataje ushahidi mahususi kutoka kwenye matini. Sababu ni nyepesi. Jibu tupu linaweza kubahatishwa, au likatolewa na mtu ambaye kifungu hakukisoma kabisa.

Tuchukue kifungu hiki kifupi:

"Bwana Sudi alipokea barua, akaigeuzageuza mkononi. Hakuifungua. Aliiweka chini ya mto, akatoka nje, akaanza kufagia ua uliokuwa umefagiliwa asubuhi. Mkewe alipomwuliza habari za ile barua, alijibu, 'Nitaisoma nikipata nafasi.' Usiku ule hakuzima taa."

Swali: Bwana Sudi alikuwa katika hali gani baada ya kupokea barua? Thibitisha kwa ushahidi mmoja kutoka kwenye kifungu. (Alama 3)

Mwanafunzi wa kwanza anaandika: "Alikuwa na wasiwasi kwa sababu barua ilikuwa na habari mbaya." Nusu ya kwanza ni sahihi, alama 1. Nusu ya pili ameitunga. Barua haikufunguliwa, hakuna mahali popote kifungu kinaposema ndani yake kuna nini.

Wa pili anasema alikuwa na wasiwasi, kisha ananakili kifungu kizima kuanzia "Bwana Sudi alipokea barua" hadi "hakuzima taa". Wazazi wengi hushangaa kwamba huyu naye hupata 1. Hoja yao ni kwamba ushahidi umo humo ndani. Ndiyo, umo, lakini aliyeombwa kuuchagua ni mwanafunzi. Msahihishaji haruhusiwi kumchagulia. Wingi wa maneno yaliyonakiliwa hauongezi alama, na jambo hili tumelieleza mara nyingi mno kuliko lilivyostahili kuelezwa.

Wa tatu: "Alikuwa na wasiwasi. Kifungu kinasema, 'Usiku ule hakuzima taa.' Hii inaonyesha kwamba alikuwa na wasiwasi." Hapa kuna alama 2. Jibu lipo, dondoo ni zuri na fupi, ila maelezo hayapo. Sentensi ya mwisho imerudia ya kwanza. Maneno "hii inaonyesha kwamba" hayana alama yenyewe. Alama iko kwenye kile kinachofuata, nacho lazima kiwe kitu ambacho hakijasemwa bado.

Wa nne: "Alikuwa na wasiwasi. Badala ya kuifungua barua, alianza 'kufagia ua uliokuwa umefagiliwa asubuhi'. Ua haukuhitaji kufagiliwa tena siku ile, kwa hiyo alikuwa anajitafutia kazi ili asikabiliane na barua." Alama 3. Tazama kwamba dondoo lina maneno matano tu, na kwamba maelezo yameshika jambo moja ndani yake, yaani ua ulikuwa safi tayari, yakaliunganisha na hali ya mhusika.

Sasa mtego. Wapo wanaojibu kwamba Bwana Sudi alikuwa na shughuli nyingi, na ushahidi wao ni "Nitaisoma nikipata nafasi." Dondoo limenakiliwa bila kosa, na bado jibu halina alama. Maneno hayo ni ya mhusika, si ya msimulizi, na msimulizi ametuonyesha mtu mwenye nafasi ya kutosha kufagia mahali palipofagiliwa. Mhusika anaweza kuficha, kukosea au kudanganya. Kabla ya kunukuu mazungumzo, jiulize nani anasema, anamwambia nani, na kama matendo yake yanamuunga mkono. Dondoo hilo hilo lingefaa sana kama swali lingeuliza namna alivyomkwepa mkewe.

Njia ya kuchagua dondoo ni hii. Soma swali kwanza na upigie mstari kinachotakiwa, pamoja na idadi. Rudi kwenye kifungu hata kama unadhani unakumbuka. Wekea alama sehemu mbili au tatu zinazoelekea kufaa, kisha pitisha kila moja kwenye kipimo kimoja: je, mtu mwenye jibu tofauti na langu angeweza kutumia maneno haya haya? Kama angeweza, dondoo ni dhaifu. "Alipokea barua" humfaa anayesema Bwana Sudi alifurahi, alikasirika au hakujali. "Kufagia ua uliokuwa umefagiliwa asubuhi" halimfai aliyesema alifurahi. Kisha punguza maneno hadi pale ambapo ukiondoa neno moja zaidi hoja inapotea.

Swali likisema "kwa maoni yako", wengi huweka kifungu kando na kuanza kueleza maisha kwa ujumla. Maoni ni yako, ushahidi bado ni wa kifungu. Na swali likisema "kwa maneno yako mwenyewe", usinukuu. Eleza tukio kwa lugha yako, lakini liwe tukio mahususi lililomo. Kueleza kwa lugha yako nako ni ushahidi. Si kila ushahidi lazima uwe kwenye alama za kunukuu, isipokuwa swali limesema "nukuu" au "dondoa".

Kuhusu unakili wenyewe. Kilicho ndani ya alama za kunukuu kiwe kama kilivyo kwenye kifungu. Kosa dogo la tahajia kwa kawaida halimnyimi mtu alama, lakini kosa linalogeuza maana humnyima, na katika Kiswahili silabi moja au mbili zinatosha. Anayenakili "Aliifungua" badala ya "Hakuifungua" ameupindua ushahidi wake mwenyewe. Ukiruka maneno katikati, weka nukta tatu; ukiongeza neno lako ili sentensi ieleweke, liweke ndani ya mabano ya mraba.

Kosa la usemi nalo limezidi. Mwanafunzi huandika: Bwana Sudi alijibu kwamba "Nitaisoma nikipata nafasi." Amechanganya usemi halisi na usemi wa taarifa, na "ni-" ya mhusika sasa inasomeka kana kwamba ni ya mwanafunzi. Ama ondoa "kwamba", uweke mkato na kunukuu, ama geuza nafsi na wakati: alijibu kwamba angeisoma akipata nafasi, bila alama za kunukuu.

Kwa shairi, taja ubeti na mshororo, kwa mfano ubeti wa 3, mshororo wa 2. Ukinukuu mishororo miwili mfululizo ndani ya sentensi yako, itenganishe kwa mkwaju (/). Kwa tamthilia, taja mhusika anayesema.

Idadi pia iheshimiwe. Ukiombwa ushahidi mmoja ukatoa mitatu, katika mitihani mingi husahihishwa wa kwanza pekee. Ukiombwa miwili, isiwe sentensi mbili zinazosema jambo lile lile: kutozima taa na kukaa macho usiku kucha ni ushahidi mmoja uliosemwa mara mbili.

Mwisho, maombi ya kusahihishiwa upya. Utaratibu hutofautiana, kwa hiyo fuata maelekezo na tarehe zilizotolewa pamoja na matokeo yako. Yaliyo hapa ni ya jumla. Kwanza hukaguliwa hesabu: kama alama zimejumlishwa sawa na kama kuna ukurasa ulioachwa. Kisha swali husomwa upya kwa kutumia mwongozo ule ule wa usahihishaji, na msahihishaji mwingine. Alama inaweza kupanda, kubaki au kushuka. Mwongozo huruhusu jibu ambalo halikuorodheshwa, mradi kifungu kinaliunga mkono, na hapo ndipo maombi mengine hufanikiwa. Ombi lisemalo tu "mtoto wangu alijibu vizuri" halimpi msomaji wa pili kitu cha kupima. Taja namba ya swali, andika sentensi ya mwanafunzi kama ilivyo, kisha onyesha aya na mstari wa kifungu unaoamini unaithibitisha.