Hazina ikifunguliwa, nani hulipwa kwanza?

Tulikaa chini ya mwembe, kando ya ofisi ya serikali ya kijiji pale Mlingotini, kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo. Maji yalikuwa yamejaa, kwa hiyo kina mama wa mwani walikuwa wamesharudi nchi kavu, na wengi walikuja moja kwa moja kutoka pwani. Nilikuwa nimeeleza kwa nusu saa jinsi bajeti ya Serikali inavyopitishwa. Bibi mmoja akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa kitambulisho chake cha mlengwa wa TASAF, mfuko wa Serikali unaozilipa ruzuku kaya maskini, akakishika juu ili nikione.

“Mwanangu, hizi hela zikisimama kesho, nimshitaki nani?”

Kazi ya taasisi yetu ni kuchambua fedha za umma na kuzieleza kwa wananchi, na nimeifanya kwa miaka mingi. Swali lile lilinifanya nirudi kwenye Katiba yenyewe, maana jibu limo humo, na si jibu jepesi.

Ibara ya 11(1) ya Katiba ya mwaka 1977 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu unaofaa ili mtu apate haki ya kufanya kazi, ya kujipatia elimu, na ya kusaidiwa na jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Bibi yule anaguswa na ibara hiyo moja kwa moja. Lakini ukirudi nyuma kidogo, Ibara ya 7(2) inasema kwamba masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayawezi kutiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Kwa hiyo haki imeandikwa, ila hakimu hana mamlaka ya kuidai kwa niaba yako.

Sasa fungua Ibara ya 142. Hiyo inasema deni la Taifa linadhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, na inafafanua kuwa deni ni pamoja na riba yake na gharama za kulisimamia. Aliyeikopesha Serikali ana kinga ya Katiba, ilhali mzee wa Mlingotini ana mpango tu. Silaumu deni kulipwa. Nchi isiyolipa madeni yake huwaumiza maskini kabla ya wengine. Ninachotaka kila mwananchi akione ni mpangilio wa foleni mbele ya dirisha la Hazina, na kwamba nyumba pekee inayoweza kuuhoji mpangilio huo ni Bunge. Ibara ya 63 imelipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma. Mahali ambapo mahakama imefungiwa mlango, mbunge ameachiwa ufunguo.

Foleni hiyo ina uzito gani? Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG, inaonyesha kuwa deni la Serikali lilikuwa shilingi trilioni 82.25 mwishoni mwa Juni 2023, na likafika trilioni 97.35 mwishoni mwa Juni 2024. Katika bajeti ya mwaka 2023/24, iliyokuwa ya trilioni 44.39, zilitengwa trilioni 10.48 kwa ajili ya kulipa deni. Hiyo ni karibu robo ya bajeti nzima.

Watu wengi wakisikia deni limepanda hudhani kila shilingi iliyoongezeka ni mkopo mpya. Sivyo. Sehemu kubwa ya deni letu ni la nje, nalo hulipwa kwa fedha za kigeni. Chukua mvuvi wa hapa Bagamoyo aliyekopa mashine ya boti ya dola 1,000 wakati dola moja ni shilingi 2,300. Anadaiwa milioni 2.3. Dola ikipanda hadi 2,600, anadaiwa milioni 2.6, na hajaongeza hata parafujo moja kwenye mashine yake. Ndiyo maana mbunge akiuliza tu “tumekopa kiasi gani” hupata nusu ya jibu. Aulize pia ni kiasi gani kimeongezeka kwa kushuka kwa shilingi, na mikopo ipi imechukuliwa kwa masharti ya kibiashara.

Nikarudi kwa bibi na kitambulisho chake. Wana Bagamoyo wengi, hasa vijana, hawajui kwamba mpango huu ulijaribiwa hapa kwao. Mwaka 2010, kabla ya kusambazwa nchini, TASAF ilianza kulipa ruzuku kwa kaya maskini sana katika wilaya 3 za majaribio: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vilihusishwa vijiji 80, nusu vikaanza kulipwa na nusu vikasubiri, ili tofauti ionekane. Ilionekana. Kaya zilizolipwa zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, CHF, ziliongeza kuku na mbuzi, na watoto wao walivaa viatu. Fedha zilikuwa kidogo, zikija kila baada ya miezi miwili, lakini watu walizipanga. Kila nikisikia mtu anasema maskini akipewa pesa ataziharibu, hukumbuka matokeo yale.

Awamu ya pili ya mpango wa nchi nzima ilizinduliwa Februari 2020. Na hapa ndipo mambo 3 ambayo watu huyatenganisha, umaskini, deni na hifadhi ya jamii, yanapofungwa kwa kamba moja: Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 450 mwaka 2019 kwa ajili ya awamu hiyo, na fedha hizo ni mkopo. Una masharti nafuu, ndiyo, lakini ni mkopo. Marejesho yake yatalindwa na Ibara ya 142. Ruzuku yenyewe, siku mradi ukiisha, haina ibara wala sheria ya kuilazimisha iendelee. Nilipolisema hili chini ya ule mwembe, watu walinyamaza.

Upande wa pensheni kuna funzo tunaloweza kuliazima. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa umma hawakuwa wakichangia mfuko wa pensheni. Serikali iliwaahidi kuwalipa kutoka Hazina. Sheria ilipobadilika, mfuko ukabeba mzigo wa miaka ambayo hakuna aliyeichangia. CAG aliliandika deni hilo katika taarifa zake mwaka baada ya mwaka, na wabunge wakaliuliza mara nyingi. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ikaunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, na deni likahamia huko. Katika mwaka wa fedha 2021/22 ndipo Serikali ilipotoa hatifungani maalumu isiyo taslimu, yaani ahadi ya maandishi ya kulipa baadaye badala ya fedha mkononi, ya shilingi trilioni 2.17 kuanza kulipunguza. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, nacho kilikwenda hivyo hivyo. Mwaka 2022 malipo ya mkupuo, ile sehemu anayolipwa mstaafu kwa mara moja, yaliwekwa asilimia 33 kwa wote, kelele zikawa nyingi ndani na nje ya Bunge, na hotuba ya bajeti ya Juni 2024 ikayapandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 kabla ya mabadiliko hayo, na hadi 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

Kwa nini walimu na wauguzi walisikilizwa? Wana vyama, wana hati za malipo, na swali lao lina tarakimu. Mvuvi wa ngalawa, mama wa mwani, mchoma mkaa na mpasua nazi hawana chama chenye nguvu ya kuwasemea Dodoma. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya Watanzania wa Bara wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, uliowekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Wenzetu wa Zanzibar, ng’ambo tu ya maji haya, walianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia. Bara hatuna kitu cha namna hiyo, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mbunge wa Pwani angepaswa kulivalia njuga.

Kalenda ya kulisukuma ipo. Taarifa ya CAG hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwekwa mezani bungeni Aprili. Bajeti hujadiliwa hadi Juni. Katika vitabu vya bajeti, deni la Taifa liko Fungu 22, lisome. Kisha Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) na ile ya Serikali za Mitaa (LAAC) huwaita maofisa na kuwahoji, na hupeleka taarifa zao bungeni. Mwaka 2022 na 2023 zilijadiliwa Novemba. Siku ya Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Swali linalofika huko likiwa na jina la mpango, mwaka wa fedha na kiasi ni gumu kulikwepa. Malalamiko ya jumla hujibiwa kwa “Serikali inalifanyia kazi.”

Basi tuliandika swali pale pale, mwenyekiti akilinakili kwenye daftari la mikutano ili lipelekwe ofisi ya mbunge: mkopo wa mpango huu ukimalizika, Serikali imetenga kiasi gani cha fedha zake za ndani kuendelea kuwalipa walengwa, na lini italeta muswada wa kuyafanya malipo hayo kuwa haki ya kisheria?

Alipolisoma kwa sauti, bibi akainua mkono. “Hapo uliposema walengwa, futa. Andika wazee. Ulengwa wanaweza kunivua mwakani, uzee hawanivui.”

Mwenyekiti akafuta, akaandika wazee.