Marsalek hakutoroka na bilioni 1.9

Nimesoma tena kwamba Jan Marsalek, aliyekuwa mkurugenzi wa uendeshaji wa Wirecard, kampuni ya Ujerumani ya kuchakata malipo iliyoanguka mwaka 2020, "alitoroka na euro bilioni 1.9 za Wirecard". Hapana, jamani. Kutoroka alitoroka: tarehe 19 Juni 2020 alipanda ndege ndogo ya kukodi kutoka Bad Vöslau, Austria, hadi Minsk. Notisi nyekundu ya Interpol ipo, ila hiyo ni ombi tu. Kila nchi huamua yenyewe kama itamkamata. Lakini bilioni hizo hakuzibeba. Zilikuwa salio hewa, pesa za kwenye vitabu tu.

Fuateni maingizo. Wirecard ilidai faida yake kubwa inatoka kwa washirika watatu: Al Alam wa Dubai, Senjo wa Singapore na PayEasy wa Ufilipino. Kamisheni hewa ni rahisi kuiandika: debiti wadaiwa, krediti mapato, yaani unaandika kwamba unamdai mtu na umepata mapato. Kasheshe ni kwamba mdaiwa hewa halipi, na mkaguzi akichambua umri wa madeni, yaani yamekaa muda gani bila kulipwa, atauliza. Basi unaingiza tena: debiti fedha benki, krediti wadaiwa, halafu unasema fedha iko kwa mdhamini, mtu wa tatu anayeitunza kwa niaba ya kampuni, ni amana ya kufidia wateja watakaodai kurudishiwa malipo ya kadi. Deni limegeuka pesa bila senti kuingia popote. Mchezo huo ukafika takriban robo ya mizania nzima, yaani ya mali zote zilizoandikwa za kampuni.

Pesa halisi iliyopotea ni ya wakopeshaji. Mizania iliyonona hivyo ilivuta mikopo ya benki, na mwaka 2019 hati fungani ya euro milioni 500. Kisha mamilioni yakatoka kwa jina la mikopo kwa washirika wa biashara huko Asia. Anayetaka kujua nani alikula aanzie hapo, aache kupekua benki za Manila, Ufilipino, ambako salio hilo lilidaiwa kuwa mwishoni.

Markus Braun, aliyekuwa mkurugenzi mkuu, anakana: anasema biashara ilikuwepo na pesa zilichepushwa bila yeye kujua. Sioni ushahidi wa kutosha, ila siwezi kuapa kwamba hakukuwa na muamala hata mmoja wa kweli.

Wengine husema: "Basi wakaguzi wangeandika barua benki tu." Barua ya kuthibitisha salio hutoka kwa mkaguzi, na jibu humrudia mkaguzi, mteja haigusi, mdhamini haigusi. Kwa mujibu wa Financial Times, EY, wakaguzi wa hesabu za Wirecard, hawakuiuliza benki ya OCBC ya Singapore, iliyodaiwa kushika pesa hizo, moja kwa moja kwa miaka mitatu, wakaridhika na nyaraka za mdhamini na za Wirecard yenyewe. Hilo halina utetezi.

Lakini hata barua sahihi hudanganyika, na vitabu vyetu hulipita jambo hili kimyakimya. Salio lilipodaiwa kuhamia Ufilipino, benki ya BDO ilisema cheti kilighushiwa, na kwamba anayeelekea kukighushi ni afisa wake mwenyewe. Jibu likitoka kwa mtu wa ndani, muhuri unafaa nini? Mimi naamini zaidi uhamisho: mteja ahamishe kiasi kikubwa kwenda akaunti yake katika benki unayoijua, wewe usubiri taarifa ya benki hiyo. Mwaka 2020 EY walidai hivyo hatimaye. Hakuna kilichoingia.